Kuishi Peke Yako Katika Don't Starve Together: Kutoka Mikono Mitupu Hadi Theluji Iyeyuke

Katika Don't Starve Together, mchezo wa kompyuta wa kunusurika porini, ukifa hujaondoka. Unageuka mzimu, unaelea kando ya wenzako, na mmoja wao akikuletea moyo ulioshonwa kwa nyasi na tezi ya buibui, unarudi duniani. Ukicheza peke yako, wa kukuletea moyo huyo hayupo. Katika hali ya Survival, wachezaji wote wakishakuwa mizimu zinaanza kuhesabiwa sekunde 120, kisha dunia inafutwa na kuundwa upya. Na "wote" hapo ni wewe.

Hiyo ni tofauti ya kwanza. Ya pili huigundui hadi ikupige. Klei, kampuni ya Kanada iliyotoa toleo hili la wachezaji wengi mwaka 2016, iliyaongezea majitu uhai kwa kuwa ilitarajia yatapigwa na kundi. Deerclops, lile jitu la jicho moja la majira ya baridi, ana uhai 2,000 katika Don't Starve ya awali. Katika hii ana 4,000, na hahesabu mko wangapi.

Nimekufa sana katika mchezo huu. Nikikumbuka vifo vyangu, vingi havikuanzia kwenye pigano. Vilianzia kwenye saa: nilikuwa mbali na kambi jioni ikiingia, au nilipoteza siku tano nikijenga mapambo. Wachezaji wakiwa wanne, mmoja anakata miti, wa pili anachimba mawe, wa tatu anapika, wa nne anafungua ramani. Wewe ni hao wote wanne, na siku yako ni ileile ya dakika 8. Huwezi kufanya kazi zao zote, kwa hiyo jambo la kujifunza ni zipi uziache.

Kabla hujaingia

Unda dunia yako mwenyewe na uifunge kwa nywila. Wapitaji wengine ni watu wema, wengine wanaona raha kuichoma kambi ya mtu.

Dunia ya kwanza iwe ya hali ya Endless. Humo mzimu unaweza kufufukia kwenye Florid Postern, lile lango ulilotokea mwanzo, na dunia haifutwi. Sioni aibu yoyote hapo. Ukishavuka majira ya baridi mara moja, hamia Survival uone kama mikono itatetemeka.

Mhusika: chukua Wilson, Wendy au Wigfrid. Wilson ni wa kawaida katika kila kitu, lakini ndevu zake zinamkinga na baridi. Wendy anapiga kwa nguvu ndogo, ila mzimu wa dada yake, Abigail, anapigana badala yake, na hilo kwa mtu mpweke ni kama kupewa mwenzi wa bure. Wigfrid anaingia na mkuki na kofia tayari, ila hali mboga wala matunda. Hesabu zote hapa chini ni za Wilson: uhai 150, tumbo (kiasi cha shibe) 150, akili (utulivu wa akili) 200.

Hatua ya 1: Siku mbili za kuokota tu

Usijenge chochote cha kudumu. Tembea ukiokota nyasi, vijiti na gumegume, na ubonyeze kitufe cha nafasi ili mhusika ajichukulie vilivyo karibu bila wewe kulenga kila kimoja. Gumegume moja na kijiti kimoja ni shoka. Gumegume mbili na vijiti viwili ni sururu. Kata miti michache upate magogo, kisha endelea na safari.

Hapa kuna hesabu ambayo wageni wengi hawaifanyi. Majira ya kwanza ni ya majani kupukutika, na ndani yake siku imegawanyika hivi: mchana dakika 4, jioni dakika 3, usiku dakika 1. Mwenge mmoja, wa nyasi mbili na vijiti viwili, unawaka sekunde 75. Maana yake mwenge mmoja unameza usiku mzima na kubakiza. Huna sababu ya kukimbilia moto kila jioni siku hizi za mwanzo, washa mwenge uendelee kutembea. Kundi hukusanyika kwenye moto kwa mazoea, wewe huna anayekusubiri.

Ila usikose mwanga kabisa, hata kidogo. Gizani kuna Charlie, kiumbe asiyeonekana, na pigo lake moja linakata uhai 100. Kati ya 150 utabaki na 50, na la pili halitakupa nafasi ya kujuta. Weka mwenge mmoja wa akiba usioguswa kwa sababu yoyote.

Hatua ya 2: Ramani kwanza, nyumba baadaye

Siku ya 2 hadi ya 5 au 6 ni za kuzunguka. Fuata barabara, kwa sababu juu yake unakimbia haraka zaidi. Unatafuta vitu vinne: mashimo ya sungura, kundi la nyati wa manyoya wanaoitwa beefalo, miamba yenye mishipa ya dhahabu, na kijiji cha nguruwe. Mahali ambapo vitatu kati ya hivyo viko karibu ndipo kambi yako. Ukiviona vyote vinne pamoja, shukuru na usiulize.

Epuka kinamasi. Kina matete mazuri, lakini ardhini mmejificha mikono inayochomoza ghafla na kukuchapa, na peke yako huna wa kuvuta macho yao.

Kitu cha tano, ukikiona, kiandike akilini kuliko vyote: madhabahu ya jiwe iliyozungukwa na vichwa vya nguruwe juu ya miti. Ni Touch Stone. Kila mchezaji anaweza kufufuka mara moja kwa kila jiwe. Ukifa katika Survival, zile sekunde 120 ni za kuelea hadi hapo, kwa hiyo jiwe lililo upande wa pili wa dunia si lako. Linalofikika kutoka kambini ni kama nafsi ya pili, na mimi huhamisha kambi kulifuata.

Hatua ya 3: Mashine moja, vitu vitano

Science Machine inahitaji dhahabu 1, magogo 4 na mawe 4. Ukiijenga, orodha ndefu itafunguka na utatamani kila kitu. Chukua hivi tu:

Begi la mgongoni (nyasi 4, vijiti 4), ambalo linakupa nafasi 8 zaidi. Mkuki (vijiti 2, kamba 1, gumegume 1). Vazi la magogo (magogo 8, kamba 2). Mitego ya sungura (nyasi 6 na vijiti 2 kila mmoja). Na Crock Pot, yaani chungu cha kupikia, ambayo nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoamua kama utaishi.

Kamba moja ni nyasi 3, kwa hiyo utagundua nyasi ndizo zinazokwisha mwanzo. Ukiziona zimesimama, usizipite.

Jambo moja kuhusu kubuni: kila kitu unachokitengeneza kwa mara ya kwanza pale kwenye mashine kinakurudishia akili 15. Kundi hulipoteza hili kwa kubuni kila kitu siku moja. Wewe weka akiba ya vitu viwili vitatu vya bei nafuu ambavyo hujawahi kuvitengeneza, uvibuni siku akili ikishuka.

Hatua ya 4: Chungu

Wilson anachoma njaa 75 kwa siku. Tumbo lake likijaa linabeba siku mbili tu. Beri mbichi moja inampa kama 9, karoti 12.5. Anayeishi kwa kuokota beri anakula mchana wake wote.

Crock Pot inajengwa kwa mawe matatu ya kuchonga (kila moja ni mawe 3 ya kawaida), mkaa 6 na vijiti 6. Mkaa unapatikana kwa kuchoma miti kisha kuikata ikiwa imeungua. Chagua kichaka kilichojitenga, uwashe kwa mwenge na usimame mbali. Nilipojaribu mara ya kwanza niliteketeza nyasi zote nilizokuwa nikizitegemea, zikiwa hatua kumi kutoka pale.

Sasa mapishi. Yako mengi, ila moja linatosha: kipande kidogo cha nyama na vijazio vitatu, yaani beri, karoti, uyoga au barafu. Vijiti havifai. Kinatoka chakula cha mipira ya nyama kinachojaza tumbo 62.5. Beri hizo tatu na nyama hiyo ukizila mbichi ungepata kama 40. Mipira 6 ni njaa 375, na hiyo ni siku 5 kamili.

Kwa hiyo hesabu ya chakula ni rahisi: kila siku 5, sungura 6 na vijazio 18. Tega mitego sita, kila mmoja juu kabisa ya shimo la sungura. Haihitaji chambo. Jioni sungura wanarudi nyumbani wanajinasia wenyewe. Pitia mitego mara moja asubuhi, usiikae ukiilinda.

Nyama ya madude (Monster Meat), ile ya buibui na mbwa, isitupwe. Kipande kimoja tu ndani ya chungu chenye vijazio vitatu bado kinatoa mipira ya nyama salama. Ukiweka viwili, chungu kinakupa chakula kinachokuumiza.

Mipira inaoza baada ya siku kama 10, basi usipike ya mwezi mzima. Hifadhi malighafi, pika ya siku tano.

Hatua ya 5: Kuajiri

Wewe si lazima uwe mwenyewe kabisa. Mpe nguruwe kipande cha nyama, atakufuata. Ukikata mti naye anakata, ukishambuliwa anapigana. Nguruwe wawili kwa mchana mmoja wanakuletea magogo ambayo peke yako ungeyakata kwa siku mbili, na gharama yake ni nyama ambayo pengine usingeila.

Masharti ni mawili. Usimlishe nyama ya madude moja baada ya nyingine, kwa sababu kipande cha nne kinamgeuza dude lenye hasira. Na mwezi ukikaribia kuwa mpevu, usiwe kijijini, maana wote wanageuka bila kulishwa chochote.

Hatua ya 6: Mbwa

Utasikia mngurumo na mhusika wako atasema jambo. Mbwa wako njiani. Mwanzoni ni wachache, na kadiri siku zako zinavyoongezeka wimbi linakua. Kila mbwa ana uhai 150, mkuki wako unapiga 34, basi ni mapigo matano kwa kila mmoja. Anakung'ata kwa 20, lakini vazi la magogo linameza asilimia 80, kwa hiyo kinachokufikia ni 4.

Ukisikia mngurumo, acha unachofanya. Vaa vazi. Kama beefalo wako karibu, kimbilia katikati ya kundi lao bila kumgusa yeyote. Mbwa akimparua mmoja kwa bahati mbaya, kundi zima linamgeukia. Wewe unabaki kuokota nyama na meno. Ndiyo sababu nilikuambia kambi iwe karibu nao, na siyo kwa ajili ya samadi pekee, ingawa samadi nayo utaihitaji: nyasi na beri ukizing'oa na kuzipanda upya kambini hazitoi kitu hadi uzirutubishe. Miche ya vijiti haidai.

Bila beefalo, simama mahali peupe, mwache mbwa aruke ang'ate hewa, piga, rudi nyuma. Wakiwa watatu usihangaike na kucheza ngoma hiyo, kaza vazi upigane nao uso kwa uso.

Akili

Sijaipa namba kwa sababu ni kazi ya kila siku. Jioni na usiku inashuka yenyewe. Ikibaki chini kabisa, vivuli unavyoviona vinaanza kukupiga kweli. Ua moja ukilichuma linarudisha 5, basi usipite maua ukiwa na 120 bila kuinama. Kulala katika toleo hili hakurukishi usiku, ni kupumzika tu huku saa ikienda na tumbo likiliwa, kwa hiyo mimi silali. Jenga kichanja cha kukaushia nyama (vijiti 3, mkaa 2, kamba 3): kipande kidogo kilichokauka kinarudisha akili 10 na uhai 8. Ni dawa mbili kwa mkono mmoja.

Hatua ya 7: Siku ya 15, acha kila kitu

Baridi inaingia siku ya 21 na inakaa siku 15. Nyasi hazioti tena, beri hazizai. Majira yakishatulia, mchana ni dakika 2 na nusu, jioni vivyo hivyo, na usiku dakika 3. Usiku umeongezeka mara tatu. Ule ujanja wa mwenge mmoja umekufa, sasa unahitaji meko ya kudumu (magogo 2, mawe 12) na rundo la kuni.

Siku ya 15 nafunga shughuli zote na kuandaa hivi: magogo rundo mbili, nyasi na vijiti rundo moja moja, na jiwe la joto. Jiwe hili ni mawe 10, sururu 1 na gumegume 3, na linahitaji mashine ya daraja la pili, Alchemy Engine, ambayo inakula dhahabu zaidi. Ndiyo sababu pekee ya kuijenga mapema. Liweke chini karibu na moto hadi ling'ae rangi ya chungwa, libebe mfukoni, utembee nalo hadi lipoe. Kwa masikio, sungura 2 na kijiti 1 vinatoa kinga inayochekesha lakini inafanya kazi. Wilson asinyoe ndevu tangu siku ya kwanza.

Chakula hakitakuwa shida kama unavyodhani. Mashimo ya sungura yanabaki wazi, na miamba ya barafu inajitokeza kwenye maeneo ya mawe. Sungura mmoja na barafu tatu ni mipira ya nyama. Siku 15 ni mipira 18.

Kioo kikianza kuganda pembeni, geuka. Usiseme "nimalizie huu mti". Huo mti ndio ulioniua.

Hatua ya 8: Jitu

Karibu siku ya 30 utasikia mguno mzito, na mhusika ataonya. Deerclops anakuja ulipo wewe. Akikukuta kambini atavunja meko, chungu na mashine, na huna wa kukusaidia kujenga upya. Kwa hiyo tangu siku ya 28 lala nje: beba magogo, nyasi, jiwe la joto, chakula cha siku tatu, ukae uwanja mpana mbali na kila ulichojenga.

Mkuki wa 34 unahitaji mapigo 118 kumaliza 4,000, na mkuki mmoja unavumilia 150. Beba miwili. Bora zaidi ni gongo la paja la nguruwe (ngozi ya nguruwe 1, vijiti 2, nyama 2), ambalo likiwa bichi linapiga 59.5: mapigo 68. Linapungua nguvu likioza, basi litengeneze siku ya 27 au 28, si kabla.

Mbinu ni ya kuchosha na haina siri. Ingia, piga mara moja, ukiona mikono inainuka ondoka, makucha yatatua kwenye theluji, rudi. Ukizoea, piga mara mbili. Pigo lake kwa mchezaji ni 75, vazi la magogo linakuachia 15, lakini lenyewe linabeba mapigo matano tu kabla ya kuvunjika. Beba mavazi mawili. Ukaribu wake unaikausha akili haraka, kwa hiyo kula nyama iliyokaushwa kabla ya pigano na si katikati yake. Jioni ikikukuta hujammaliza, washa moto mwanzo, kisha endelea kuuzunguka ukiwa naye, ukichunga asikutoe kwenye mwanga.

Ukishindwa, kimbia kuelekea pasipo na chochote chako. Kambi nzima na jitu hai ni bora kuliko vyote viwili kuwa magofu.

Siku ya 36

Theluji inayeyuka na mvua zinaanza, pamoja na vyura wanaodondoka kutoka mawinguni na radi. Asubuhi hiyo fanya mambo matatu kwa mpangilio huu: rutubisha nyasi na beri ulizopanda, kagua mashimo ya sungura kwa sababu katika majira haya mashimo hayo yanaporomoka na hayatakulisha, na ukae mbali na beefalo wenye makalio mekundu, maana sasa wanatafuta wapenzi na hawakujui tena.